Simba Haitwi Bure

Aliyekulia Bwera hujua kuitwa kabla hajajua kuhesabu. Soko la mpakani Mpondwe huamka kwa makelele. Mwenye maharage anaita kwa Lhukonzo, mwenye vitenge aliyevuka kutoka Kasindi anaita kwa Kinande kisha kwa Kiswahili, na makondakta wa teksi za Kasese wanaita kwa lugha yoyote itakayojaza gari. Boda iliyofungwa spika hupita ikitangaza msiba, chanjo na sabuni mpya kwa pumzi moja. Mimi nilijitafutia riziki humo humo. Nilikuwa na amplifaya, betri za gari na spika za honi, nikikodishwa kwenye harusi, matanga na kampeni. Kwa hiyo niliposikia kuna watu Kasese wanamtafuta fundi wa spika wa kuita simba, sikushangaa. Niliuliza malipo tu.

Kazi ilikuwa ya kuhesabu. Hifadhi ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la malkia mwaka 1954 alipotembelea, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,978. Tembo na nyati unaweza kuwahesabu kutoka kwenye ndege. Simba huwezi, kwa sababu mchana kutwa amelala chini ya kichaka na rangi yake ni ile ile ya nyasi. Njia mojawapo iliyobaki ni kumfanya aje mwenyewe. Unacheza usiku sauti ya ndama wa nyati aliye taabani, unasubiri, unahesabu waliokuja, kisha unapiga hesabu ya eneo ambalo sauti ilifika. Joseph Ogutu na Holly Dublin waliijaribu njia hiyo Masai Mara na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Kwetu Uganda, Edward Okot Omoya na wenzake waliitumia katika hifadhi tatu, na mwaka 2014 wakatoa jumla ya simba 408: Queen Elizabeth 144, Murchison 132, Kidepo 132. Takriban miaka kumi kabla ya hesabu hiyo, Queen Elizabeth peke yake ilikadiriwa kuwa na zaidi ya 200. Mimi sikuwemo katika kazi hiyo kubwa. Niliingia baadaye, katika kazi ndogo ya aina ile ile, kama mtu wa nyaya.

Lakini kuita mnyama halikuwa jambo geni nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuwa mwindaji wa milimani enzi za ujana wake, kabla Rwenzori haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Aliwahi kunionyesha namna ya kumwita funo. Alibana pua kwa vidole viwili, akafunga mdomo nusu, akatoa mlio wa puani unaopanda na kukatika ghafla, kisha akautoa tena, mfupi zaidi, kana kwamba anayelia ameishiwa nguvu. Wawindaji wa misitu ya Ituri, Wambuti na majirani zao, wanafanya vivyo hivyo mpaka leo. Funo akisikia hukaribia akinyata, huenda akidhani ni mtoto wake, huenda ni wa mwenzake. Mzee alinieleza hayo bila majivuno. Kisha akanisimulia asubuhi moja alipoita, akasikia majani yakisogezwa nyuma yake, akageuka akamwona chui amejilaza kwenye gogo, anamtazama kwa utulivu wa mnunuzi aliyefika sokoni mapema. "Mwanangu," aliniambia, "ukiita hujui nani anasikia. Na bonde uliloita leo, liache. Hata funo ana kumbukumbu."

Nilipomsimulia kuwa Marekani wako wanaowinda puma kwa njia hiyo, alicheka hadi akakohoa. Wenyewe humwita simba wa milimani, ingawa kwa umbile na tabia anakaribiana zaidi na chui wetu kuliko na simba: anaishi peke yake, anatembea kimya. Mwindaji anaficha kisanduku kinachotoa sauti ya sungura au mtoto wa kulungu aliyekamatwa, kisha anakaa bila kutikisika. Puma hana haraka. Anaweza kuchukua saa nzima kufika, na mara nyingi hutokea kule usikotazama, ndiyo maana wenye busara huenda wawili wawili na kukaa wamepeana migongo. Wananchi wa California walipiga kura mwaka 1990 kuzuia kumwinda kwa mchezo. Wale wa Colorado, walipoulizwa Novemba 2024, walikataa kuzuia. Baba mkubwa hakujali kura. "Kwa hiyo Wazungu nao wanabana pua," alisema, "ila kwa betri."

Usiku wa kwanza tuliegesha kwenye uwanda wa Kasenyi, upande wa Ziwa George, kule ambako mchana swala aina ya kob hutapakaa hadi macho yachoke. Spika nilizifunga juu ya paa la gari kwa mpira wa kufungia mizigo ya boda, zikitazama pande tofauti. Sauti yenyewe ilikuwa faili ndani ya simu. Mtafiti tuliyekuwa naye alinisogelea akaniomba nisiguse besi. Alikuwa sahihi, na nilielewa upesi kwa nini. Harusini watu wanataka besi iwagonge kifuani, lakini ndama anayelia hana besi. Kinachosafiri usiku juu ya nyasi ni ile sauti nyembamba, kavu, na ikipasuka kidogo tu masikio ya mnyama hutambua kuwa ni chuma kinachosema. Nilikaa muda mrefu nikizungusha vitufe, nikishuka garini na kutembea gizani hatua chache kusikiliza, huku afande mwenye bunduki akinikemea nirudi.

Kisha nikabonyeza. Kwa mtu aliyekulia na mifugo, mlio ule hauzoeleki. Ni kilio cha kitoto kilichoshikwa mguu na kitu kisichotaka kuachia. Fisi walikuwa wa kwanza, kama kawaida yao, wanakimbia mbele, wanasimama, wanarudi, wanapigana wenyewe kwa wenyewe kabla hata ya kuona nyama. Tukawaandika. Simba walichelewa, na hawakuja kutoka upande ambao sote tulikuwa tunautazama. Walizunguka hadi upande ambao upepo ulikuwa ukiipeleka harufu yetu, wakatupima kwanza. Afande alipogeuza tochi yenye kioo chekundu, jike mmoja alikuwa tayari amesimama karibu na gari. Nyuma yake, kwenye nyasi, kulikuwa na wengine, baadhi wamelala kabisa kama watu waliokuja kusindikiza.

Jike yule hakututazama sisi. Aliitazama honi. Aliinua kichwa, akakilaza upande mmoja, akakilaza upande wa pili, akitafuta ndama alikojificha ndani ya ule mdomo wa chuma. Mtafiti alikuwa anapiga picha za pua yake, kwa sababu madoa yaliyo kwenye mizizi ya sharubu hayafanani kwa simba wawili, na ndiyo kitambulisho chao. Mimi nilitazama mbavu. Zilikuwa zinahesabika. Alikuja, akanusa tairi, akaketi kitako akisubiri. Nilipozima sauti alibaki pale pale, kana kwamba bado anatumaini, halafu akainuka akaondoka bila haraka, na wenzake wakamfuata. Dume alifika baada ya wote kuondoka. Naye tukamwandika.

Yale mambo ya anayetangulia na anayebaki nyuma nilikuja kujua baadaye kuwa yana historia. Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walicheza miungurumo ya majike wageni huko Serengeti, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba simba wanahesabu wasikiapo: muungurumo wa mmoja wanaukabili, wa watatu wanaufikiria mara mbili. Mwaka uliofuata Packer na Robert Heinsohn wakaeleza kuwa katika kundi moja wapo majike wanaotangulia kila mara na wapo wanaobaki nyuma kila mara. Wanaotangulia wanageuka kuwaangalia wavivu wao, wanajua kabisa nani hajaja, na bado wanaendelea mbele. Hawawaadhibu. Nimekaa kwenye kamati za kanisa na za soko, na sikuhitaji kusoma hilo mara mbili.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja, na haikuwa na msamaha: mahali palipoitwa hapaitwi tena karibuni. Simba aliyekuja akakuta mpira na petroli hujifunza. Ukimwita tena kesho, huenda akainua sikio tu. Kesho kutwa hata sikio hainui, na wewe utaandika kwenye daftari kwamba eneo hili halina simba, kumbe wapo, wamechoka nawe. Kwa hiyo uongo wa spika una akiba, nayo hupungua kila unapoichota. Wasomi wana namna yao ya kulieleza kwa namba. Baba mkubwa alikuwa amelieleza kwa bonde.

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji ndani ya mipaka ya hifadhi, na sauti yetu ilifika huko. Asubuhi alikuja mzee mmoja wa Kisongora, fimbo begani, akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa akitesa ndama usiku kucha. Mtafiti akamweleza. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Wasongora wana ufahamu wao wa kufukuzwa. Mwaka 2006 wengi walitolewa pamoja na ng'ombe wao katika hifadhi ya Virunga upande wa Kongo, wakaingia huku Queen Elizabeth, wakaambiwa hapa pia si pao. Basi mzee akasema: "Vijana, mnamfundisha simba kwamba ndama akilia karibu na taa na harufu ya watu, aende akaone."

Mtafiti alimjibu kuwa ni kinyume chake: simba anakuja, hapati kitu, kwa hiyo anajifunza kuwa kilio cha namna hiyo karibu na watu hakina faida. Wote wawili walikuwa na hoja. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na kura yangu nampa mzee, si kwa sababu sayansi yake ni bora bali kwa sababu gharama ya kukosea ingemwangukia yeye. Mtafiti akikosea, anarekebisha jedwali. Mzee yeye anaamka zizi limevunjwa.

Maana iko njia nyingine ya kumwita simba, nayo haitumii betri. Unaacha mzoga wa ng'ombe uliomwagiwa dawa ya wadudu. Aprili 2018, karibu na Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa, majike watatu na watoto wanane, na sumu ndiyo iliyoshukiwa. Machi 2021, upande wa kusini huko Ishasha, walikutwa sita, vichwa na miguu vimekatwa, na tumbusi waliokula mabaki wamelala kando yao. Habari ya Hamukungu ilinikuta nikiwa nimebeba spika za harusi. Niliketi juu ya spika hizo nikakumbuka zile mbavu. Sisi tuliwaita tukawanyima. Aliyeweka sumu aliwaita akawapa. Kwa macho ya simba mwenye njaa, mkarimu kati yetu alikuwa yupi? Swali hili halinipi raha, lakini ndilo lililonitoa kwenye fikra nyepesi kwamba ubaya wa kuita ni uongo tu. Mzoga wa sumu haukusema uongo kuhusu nyama. Ilikuwepo.

Kwa upande mwingine, simba anayeachwa afuate wito wa kweli hufanya maajabu. Dume mmoja aitwaye Jacob, aliyepoteza mguu kwa mtego wa chuma wa majangili, pamoja na ndugu yake Tibu, waliogelea mfereji wa Kazinga usiku wa Februari 2024, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye viboko na mamba. Watafiti waliowapiga picha kutoka angani kwa kamera ya joto walisema wanaamini walikuwa wanatafuta majike, ambao kwa sasa ni wachache kuliko madume. Miguu mitatu, ng'ambo iko mbali, na bado anaingia majini. Hakuna spika yangu iliyowahi kumtoa mnyama umbali huo.

Sauti pia inaweza kufukuza, na hapa ndipo ninapoona kuna kazi ya kufanywa. Mwaka 2023 Liana Zanette na wenzake walichapisha majaribio yao ya Kruger, Afrika Kusini. Walificha spika kando ya mabwawa wanyama wanakokunywa maji, wakacheza sauti za simba, mbwa wakibweka, milio ya bunduki, na watu wakizungumza kwa kawaida tu, maneno yaliyotolewa redioni na kwenye televisheni. Karibu asilimia 95 ya aina za wanyama walikimbia zaidi, au kuacha maji upesi zaidi, kwa sauti ya watu kuliko ya simba. (Tembo mmoja hakukimbia sauti ya simba, alikuja akaivunja mashine. Kama fundi, namuelewa.) Niliposoma hayo nilikumbuka mama mmoja wa Hamukungu aliyekuwa analaza redio ndogo kwenye zizi la mbuzi wake, imewekwa kwenye stesheni ya mazungumzo, si ya muziki. Majirani walimcheka kwamba anawasomea mbuzi taarifa ya habari. Yeye alikuwa anahamisha redio kila usiku, leo kona hii, kesho ile, na baadhi ya siku anaizima. Hakusoma popote. Alijua tu kuwa fisi naye huzoea, kwamba mtu anayeongea mahali pamoja usiku kucha bila kusogea si mtu. Kule Kenya, Richard Turere wa Kitengela alifikia wazo linalofanana akiwa bado mtoto: taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, ili simba aone mtu anatembea na tochi.

Nimeacha kazi ya simba. Lakini spika zangu bado zinakodishwa, na wateja wangu wengi siku hizi ni wanaoandaa mikutano kati ya watu na hifadhi katika vijiji vya kandokando. Mambo yanayozungumzwa huko ni ya maana. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi inapaswa kurudi kwa jamii jirani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mpango wa fidia kwa watu wanaojeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyamapori. Napita mtaani natangaza: njooni, fidia, njooni na majina. Mkutano wa kwanza niliotangaza uwanja ulijaa, wauza chapati wakapata soko, wanawake wenye watoto mgongoni wakapanga foleni kuandikisha mbuzi walioliwa. Fomu zikajazwa, zikawekwa kwenye bahasha kubwa. Uliofuata, viti vilibaki. Ule wa baada yake nilitangaza asubuhi nzima hadi betri ikachoka, wakaja wazee wachache na watoto waliofuata soda. Ofisa mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja wala kutaja ofisi yake, alinigeukia akasema watu wa hapa hawana mwamko.

Hapana, mwamko wanao. Walikuja wakanusa tairi. Yule mzee wa Kisongora hakuja kabisa mara ya mwisho. Nilimkuta ameketi nje kwake, anasikia kila neno kutoka kwenye honi zangu, na hakuinua hata fimbo. Nikamuuliza, "Mzee, hutaki fidia?" Akanijibu, "Mwambie aje nayo, mimi sijahama."

Kwa hiyo ninyi mnaopanga mikutano ya mwaka huu Hamukungu, Kahendero, Katwe na Kayanja: kabla hamjanipigia simu nilete spika, pelekeni kwanza majibu ya fomu zilizojazwa mara iliyopita, mlango kwa mlango, hata kama jibu ni hapana. Hiyo haihitaji betri. Mkishamaliza, niiteni. Bei yangu haijapanda.